Kivinjari Kisicho na Mdomo

Kaeni. Na wewe kaka mwenye simu mkononi, usiifiche. Leo ninahubiri hiyo hiyo.

Mimi niliishia kidato cha pili, mnajua, na wengine wenu mmesoma mpaka mmeota mvi. Lakini mhubiri wa rika langu anayeweza kukueleza kivinjari mpaka bibi yako naye akaelewa, mtafuteni mkoa mzima, mtarudi hapa hapa. Kivinjari ni mlango wa kuingilia mtandaoni, upo kwenye simu yako. Unaingia kwa siri zako, unaandika "dawa ya fangasi wa miguu," unasoma, unatoka. Kesho yake unafungua habari za mpira, unaletewa miguu. Unafungua bei ya mahindi, miguu. Nani kawaambia? Mlango. Umekuona ukiingia, umekariri jina lako na mtaa wako, umekwenda kuwanong'oneza wauza dawa.

Sasa nisikilizeni. Palikuwa na kijana mmoja, fundi wa programu za simu, muumini mzuri tu, mkaa viti vya nyuma kama wale pale wanaojifanya hawanioni. Jambo hili lilimkera. Akasema, nitatengeneza kivinjari kisicho na mdomo. Na kweli akakaa akatengeneza. Kwenye kivinjari chake ni wewe unayeamua nani aone nini. Duka la viatu linapewa namba ya kiatu chako, basi. Jina halipewi, mtaa haupewi. Ulichotafuta kinabaki kwako, na ukifunga kinafutika. Hata yeye mwenyewe aliyekitengeneza hawezi kukiona.

Kanisa la kijana huyo lilikuwa na mwalimu wa kwaya, mtu mzima, ndiye mpiga kinanda. Kinanda kile kilikuwa ndicho chakula chake cha roho. Lakini masikio yalikuwa yameanza kumgomea, na alikuwa hajamwambia mtu. Alijua wazee wa kanisa wakisikia, watamwita kwa upole, watampa soda, halafu watamwambia akapumzike. Kwa hiyo alipiga kwa mazoea ya vidole, huku akiwaangalia waimbaji midomo.

Siku moja ya mazoezi alikuwa amefungua nyimbo kwenye kishikwambi chake, mara likatokea tangazo kubwa la mashine za masikio. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akachungulia.

"Mwalimu, hizo za nani?"

"Za mama mkwe," akajibu haraka.

"Mama mkwe wako si tulimzika mwaka juzi?"

Mnamwona huyo mama? Yumo kila kwaya. Hata ya kwetu yumo, na sasa hivi anamtazama mwenzake.

Mwalimu akamfuata yule kijana nyumbani kwake. Kijana akamwekea kile kivinjari. Siku nyingine mwalimu aliporudi, kwa kuwa kijana hakuwa na namna ya kuona kilichotafutwa, ilibidi aulize.

"Shikamoo mwalimu. Matangazo yamekoma?"

"Marahaba. Yamekoma kabisa. Sasa natafuta kwa raha zangu."

"Unatafuta nini, ili nijue kama kweli kinaficha?"

Mwalimu akasogeza kiti. "Mwanangu, sisikii vizuri. Natafuta kile kimashine kidogo kisichoonekana. Nikikipata nitaendelea na kinanda changu na hakuna atakayejua. Umenielewa?"

"Mwalimu, siri yako iko salama kuliko benki."

Ikafika Jumapili ya shuhuda. Kijana akaomba maiki. Akaeleza kivinjari chake vizuri mno, karibu afikie kiwango changu. Akasema amekitengeneza kwa maombi na kufunga, na watu waje wawekewe kwenye simu zao, bure. Mzee mmoja upande wa wanaume akasimama.

"Kijana, tutajuaje kama kweli kinaficha siri?"

"Umeuliza vizuri, mzee wangu. Mwalimu wetu wa kwaya, yule pale kwenye kinanda, anakitumia tangu Pasaka. Anatafuta mashine ya masikio, maana hasikii vizuri. Kuna mtu yeyote humu alikuwa anajua?"

Akaangaza macho kanisa zima.

"Mnaona? Hakuna."

Vichwa vyote vikageukia kinanda. Naye mwalimu hakuwa amenasa hata neno moja. Aliona tu watu wote wanamtazama, akadhani anapewa heshima. Akatabasamu, akawapungia mkono, akawapigia na haleluya moja ndefu.

Chekeni. Hata mimi nilicheka nilipokuwa naitunga hadithi hii. Lakini ngojeni tufike mlangoni. Ibada ikaisha, kila anayempa mwalimu mkono anapiga kelele kama anaita ng'ombe. Yule mama wa sauti ya kwanza akamsogelea sikioni, akamwambia taratibu kama anamfundisha mtoto: "Mwalimu. Leo. Umependeza." Hapo mwalimu akaelewa. Akamtafuta kijana kwa macho.

"Kivinjari chako kimevuja."

"Hakijavuja, mwalimu. Nimekikagua chote, hakina hata tundu."

"Basi wamejuaje?"

Kijana akasema, "Mwalimu, nilikuwa natoa ushuhuda."

"Ushuhuda ulikuwa wako," mwalimu akamwambia. "Masikio ni yangu."

Wazee wakamwita mwalimu kwa upole. Soda alipewa. Kinanda akapewa mtu mwingine. Na kile kivinjari, ambacho kweli hakikuwa na kasoro yoyote, hakuna muumini hata mmoja aliyekubali kuwekewa.

Mnamlaumu kijana? Ngoja niwaulize. Ijumaa tulipokuwa kwenye maombi ya nyumbani, nani alisema, "Wapendwa, tumwombee dada mmoja, jina silitaji, yule anayeuza chapati pale kwenye mashine ya kusaga, ndoa yake inapita pagumu"? Jina hukulitaja, hongera sana. Umetaja chapati, umetaja na mashine. Ulikuwa umebakiza nini, picha? Halafu tunasema ni mzigo wa maombi. Simu zetu tumezifunga kwa nywila, kwa kidole, mpaka kwa sura. Mdomo tumeufunga kwa nini?

Tena mara nyingi hata hatusemi kwa chuki. Tunasema ili tuonekane sisi ndio tunaoaminiwa, sisi ndio ambao watu wanatulilia. Tunachukua kidonda cha mwenzetu tunakivaa kama nishani.

Mungu anayajua yako yote, ya mchana na yale mengine. Umewahi kumsikia akimsimulia jirani yako ili aonekane ana nguvu? Anajua yote, na watu wanamkimbilia. Sisi tunajua robo tu, na watu wameanza kutukimbia.

Haya, tusimame. Leo tunaomba kimya kimya, kila mtu na ya kwake. Mama Elikana, nimekuona unaitazama maiki, usihangaike kuja mbele.