Nyumba ya Fisi Isiyokabidhiwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nyumba.

"Ya nani?"

Tulieni, mwenyewe atagonga.

Basi alikuwapo Fuko, fundi ujenzi, mdogo kama ngumi. Kipofu, lakini vidole vyake viliujua ukuta kuliko macho ya wengi. Mume hana, watoto watano, chakula cha kubahatisha. Siku moja akaitwa na Fisi, mwenye pango kubwa la mwamba. Fisi alitaka ligawanywe vyumba saba na litiwe mlango wa jiwe.

Fisi akamsomea mkataba, kwa sauti tamu kama mtu anayeonja mchuzi.

"Kifungu cha kwanza: mpaka siku ya makabidhiano, nyumba na vyote vilivyomo ni vya mkandarasi. Ukuta ukianguka, shauri yako, Mama Fuko. Kifungu cha pili: siku ya makabidhiano, nyumba na vyote vilivyomo ni vya Fisi. Kifungu cha tatu: mkandarasi alale humuhumu na wanawe, kazi isichelewe."

"Na makabidhiano yenyewe yanakuwaje, bwana?"

"Unasema tu, 'Nimekabidhi.' Hii-hii-hii!"

Njaa haina mwanasheria. Fuko akatia dole gumba.

Akajenga. Chimba, panga, kandika, pa! pa! pa! Kila asubuhi Fisi huja mlangoni.

"Umekabidhi?"

"Bado, bwana."

Akajenga. Chimba, panga, kandika, pa! pa! pa!

"Umekabidhi?"

"Bado, bwana."

Akifukua msingi wa chumba cha saba, vidole vyake vikagusa mwiko. Akaupapasa mpini. Ulikuwa na alama ya Kindi, fundi aliyekuja kumjengea Fisi mwaka juzi asionekane tena. Kando yake, mwiko wa Panya Buku. Na kando ya miiko, mifupa midogo imelala kwa mstari, mkubwa kwanza, kisha wadogo wake. Sasa Fuko alikielewa kile kifungu cha pili.

Hakulia. Akawanong'oneza watoto, "Tokeni kwa ule ufa mwembamba wa nyuma ya pango. Kesho Fisi akiingia, rudini kwa ufa huohuo, mgonge ukuta wa chumba cha saba tu. Kisha mkimbie."

Kulipokucha Fisi akaja, mate yanamdondoka.

"Umekabidhi?"

"Bado, bwana. Ukaguzi kwanza. Mwenye nyumba huingia akaonyesha kasoro kwa mkono wake. Kasoro asiyoionyesha hairekebishwi tena."

Fisi, mchoyo hata wa kasoro, akaingia. Fuko akabaki mlangoni.

Ko, ko, ko.

"Nini hicho?"

"Kasoro, bwana. Sogea mbele kidogo."

Fuko akashtuka. Hicho kilikuwa chumba cha kwanza, na yeye alisema cha saba.

Ko, ko, ko.

"Iko wapi?"

"Mbele kidogo."

Chumba baada ya chumba, mpaka cha saba. Huko ukuta uligongwa kwa mikono mingi. Fisi akaweka mkono juu yake, na kugonga kukakoma palepale chini ya kiganja chake.

Fuko akapiga teke kabari iliyoushikilia juu mlango wa jiwe. Jiwe likashuka, gudu!

"Fungua! Hii nyumba yangu!"

"Sijakabidhi, bwana. Kifungu cha kwanza: vyote vilivyomo ni vya mkandarasi."

"Basi kabidhi, mama! Sema! Sema nitoke!"

Fuko akauzunguka mwamba mbio, akawakuta watoto wote watano kwenye ufa, wamekumbatiana juani.

"Mmegonga vizuri, wanangu."

"Tusamehe, mama," mkubwa akasema. "Tuliogopa. Hatukuingia."

Mle ndani Fisi akaanza kucheka, "Hii-hii..." kicheko kikakatika katikati. Kisha kwenye ufa, karibu kabisa na sikio la Fuko, sauti nyembamba, isiyo ya Fisi, ikauliza:

"Umekabidhi?"

Fuko aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Akawashika watoto wote watano, akawahesabu kwa vidole, akajibu:

"Nimekabidhi."

Na hakuna kilichogonga tena.

Funzo lake, wajukuu zangu: msiingie mkataba bila kuusoma. Mwangalieni Fisi, aliuandika mwenyewe, akausoma, akaujua kifungu kwa kifungu. Yule Fuko asiyejua kusoma, ole wake, mpaka leo anaishi na wanawe wote.

Hadithi yangu nimeiacha mlangoni. Atakayesikia hodi, akafungue mwenyewe.