Kwa Nini Bara Hindi Haliimbi kwa Sauti Moja

Hapo kale Bara Hindi lote lilikuwa na wimbo mmoja tu, na mwenyewe alikuwa mjane wa nyanda za juu, jina lake Kondabai. Aliuimba akisaga mtama, jiwe likizunguka na sauti ikizunguka nalo. Majirani walimsengenya kwamba unga wake una chenga, ila wimbo hakuna aliyethubutu kuutia kasoro.

Alikuwa na binti watatu. Kila aliyeolewa alimwapisha asiubadilishe hata chembe. Kesar akaolewa jangwani, Mukta mashariki kwenye mito, Champa kusini kwenye mpunga.

Miaka ikapita, masikio ya Kondabai yakaanza kuziba. Akawaita wanawe waje wamwimbie kama zamani, kabla hajawa kiziwi kabisa.

Wakaja, wakaimba. Kesar aliivuta sauti mpaka msikilizaji akashikwa na kiu. Mukta aliibembeza. Champa, huyo ndiye kabisa, alijipigapiga paja kama anayeua mbu.

“Huo wimbo wa nani?” akauliza Kondabai.

“Wako, mama.”

“Wangu? Mmekwenda kuuchezea kwa wakwe zenu.”

Champa, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa, akajibu, “Mama, kwetu hatusagi, tunatwanga. Niuzungusheje, na mchi unapanda na kushuka?”

Kondabai akasusa chakula. Alitamani ujana wake, akaletewa vitu vya watu. Kesho yake asubuhi akamsukumia Champa kinu. “Haya, twanga nikuone.”

Champa akatwanga na kuimba. Mama akaweka kiganja chini, mapigo yakampanda mkononi. Kesar akaenda kisimani. Sauti yake ilikuwa na urefu wa kamba aliyoivuta. Mukta, kwa kuwa hapakuwa na mto, akajikalisha ndani ya karai la kufulia, akapiga kasia kwa mwiko. Hapo hata aliyesusa alicheka.

Alipokuwa akicheka, akasikia. Wote watatu, pahali pale pale pa wimbo, walisita kidogo. Ndipo yeye alipozoea kusita ili atie konzi ya mtama jiweni. Hakuwafundisha kusita. Walikuwa wamelala mapajani mwake, wakaunywa wimbo pamoja na kituo chake.

“Nileteeni chakula,” akasema, akijifuta macho.

Na tangu siku hiyo kila upande wa Bara Hindi huimba kwa mwendo wa kazi ya mikono yake, wala hakuna anayeapishwa. Lakini ukitega sikio, utapasikia mahali wimbo unaposita. Ni Kondabai huyo, anatia mtama.