Jicho Moja na Cheti Kimoja

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii hii ya simu za mkononi, palikuwa na mji uitwao Vumbwe, na mwenyekiti wake nilikuwa mimi, Mrutu. Msicheke bado. Nafasi ya kucheka iko mbele, tena pana.

Sisi watu wa Vumbwe tulikuwa hodari wa kuagana. Kijana akipata nafasi ya kusoma ng'ambo tunachinja mbuzi, mama yake anamtemea mate ya baraka, na mimi natoa hotuba. Akishavuka mpaka tunaanza kumsema kwamba ametukimbia. Tuliwafanyia hivyo madaktari, tukawafanyia hivyo mafundi, tukawafanyia hivyo walimu wa hesabu. Halafu tukakaa barazani kushangaa kwa nini mji hauna daktari, hauna fundi, na watoto wanahesabu kwa vidole.

Sheria ilikuwa moja: mtu mmoja, nchi moja. Ukila kiapo cha ugenini, cha nyumbani umekitema. Wakubwa walipokuja kutuuliza kama uraia pacha ungewarudisha wataalamu wetu, aliyesimama kupinga nilikuwa mimi. Nikasema mshika mbili moja humponyoka. Nikasema mtu hawezi kuwa wa nyumba mbili akawa mwaminifu kwa zote. Watu wakapiga makofi sana. Jioni mke wangu wa pili, Bi Zaina, akaniwekea chai, akaniuliza kwa upole kama mimi, ninayelala Jumatatu kwake na Jumanne kwa Bi Hadija, uraia wangu ni wa nyumba ipi. Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto mno, lakini niliinywa.

Sheria ikapita hata hivyo, ila kwa woga. Kila mji ukapewa cheti kimoja tu cha uraia pacha, kwa majaribio, kwa ajili ya mtaalamu mmoja. Mwenye kuandika jina ni mwenyekiti, na jina lisipoandikwa kabla siku iliyotajwa haijapita, cheti kinarudi kilikotoka. Changu nikakifungia kabatini, nikatembea mjini na ufunguo shingoni.

Sasa niwaeleze habari ya macho yangu. La kushoto lilikufa zamani. Lilipoanza kuona ukungu sikusubiri daktari, nikaenda kwa mtu wa dawa za majani akanitia matone, na matone yakamaliza kazi. La kulia nalo likaingia mtoto wa jicho. Ikafika mahali nikawa namwamkia ng'ombe. Nilikuwa nimebakiwa na jicho moja, na hilo moja lilikuwa linafunga.

Na hospitali yetu, ajabu, ilikuwa na darubini ya kupasulia macho. Ilikuwa zawadi. Vumbwe hatuchezei zawadi. Sofa mpya hatuivui nailoni mpaka mtoto wa kwanza aolewe, basi na darubini tuliiacha ndani ya nailoni yake miaka sita, tukiifunua mbele tu siku za upasuaji. Nailoni ilipochanika, juu yake tukatandika kitambaa cha kufuma chenye maua, kazi ya mikono ya Bi Hadija. Aliyekitandika, mbele ya wageni na mpiga picha, nilikuwa mimi.

Mwaka huo akaja Naetwe. Ni binti wa Vumbwe, mbuzi wake nilimla mimi mwenyewe. Kule alikokwenda, kisu cha macho hakishikwi na mgeni, kwa hiyo alikula kiapo chao, akawa bingwa, na akapoteza uraia wetu. Kila mwaka alikuja kwao kwa viza ya matembezi, na kila mwaka alipasua macho ya watu bure, jambo ambalo mtembezi haruhusiwi. Aliyemsaidia ni Mbonea, tabibu wetu, mtu ambaye hajawahi kutoka Vumbwe zaidi ya mwendo wa siku moja. Mbonea alikuwa analijaza daftari la upasuaji kwa jina lake yeye, ili Naetwe asije akaulizwa.

Wakanilaza asubuhi. Naetwe akalifungua jicho langu, na lilipokuwa limeshafunguliwa, darubini ikazima. Niliisikia ikinyamaza. Nikamsikia Naetwe akisema polepole, "Mjomba, usitikisike. Hata kukohoa, usikohoe." Niliogopa, jamani. Niliogopa kama mtoto.

Mbonea akampigia simu Kiangi. Huyu naye ni wetu, yuko ng'ambo mwaka wa ishirini. Alikataa kula kiapo chao kwa kuipenda nchi yake, kwa hiyo hawakumpa cheti cha ufundi, akabaki kufuta vumbi katika karakana ya mashine za hospitali. Miaka ishirini mtu anafuta mashine, anaziangalia zinavyofunguliwa, anazijua kuliko wenye vyeti. Alikuwa zamu. Akaacha kazi yake, akajifungia stoo, akamwongoza Mbonea kwa simu: fungua hapa, legeza pale, vuta feni. Feni ilikuwa imejaa nyuzi. Zilikuwa nyuzi za waridi, nyuzi za kijani, maua yote ya Bi Hadija yalikuwa yamenyonywa humo.

Nusu saa nzima Naetwe alilishika jicho langu wazi. Nusu saa nzima Mbonea alichomoa nyuzi kwa koleo. Nusu saa nzima Kiangi alinong'ona stoo huku mlango ukigongwa. Mashine ikawaka. Siku ya pili bandeji ikatolewa, nikamwona Naetwe, ana mvi kama mama yake. Nikalia, na sioni haya kusema.

Mngekuwa ninyi mngeishia kushukuru kwa mdomo. Mimi ni mwenyekiti. Niliitisha kikao, nikasoma shukrani, zikaingia kwenye muhtasari: Daktari Naetwe kwa kupasua, Ndugu Kiangi kwa kuiacha zamu yake, Tabibu Mbonea kwa kuwasaidia. Nikapiga muhuri. Na kwa kuwa Vumbwe barua isiyo na nakala si barua, nikaandika chini: nakala kwa wilaya, nakala kwa uhamiaji, nakala kwa hospitali ya ng'ambo alikoajiriwa Kiangi, ili wajue wana mtu wa maana.

Wakajua. Uhamiaji wakampa Naetwe siku saba za kuondoka na kumpiga marufuku kurudi. Wilaya wakalinganisha muhtasari wangu na daftari la Mbonea, wakaona majina hayalingani, wakamsimamisha kazi. Hospitali ya ng'ambo ikamfukuza Kiangi kwa kuiacha zamu, na kibali chake cha kukaa kule kilikuwa kimefungwa kwenye kazi hiyo. Watu watatu walinipa jicho moja, nami nikawalipa kwa nakala tatu.

Siku ya saba ikaangukia siku ile ile ya mwisho ya cheti. Karani wa wilaya akaja, akasema saa sita mchana anaondoka na fomu, iwe na jina au haina. Nikawaita wote watatu ofisini. Naetwe akaja na begi lake. Mbonea akaja bila koti lake jeupe, na bila hilo koti nilimwona mdogo. Kiangi tulimweka mezani, simu ikiwa imefunguliwa spika.

Naetwe ndiye aliyetangulia. Nilimuuliza swali ambalo mji wote ulikuwa unauliza, kwa nini asiurudishe uraia wa kule ndipo aombe wa huku.

"Mjomba, mume wangu na binti yangu ni wa kule," akasema. "Nikiurudisha, nitakuwa naomba viza ya kumwona mwanangu, kama ninavyoiomba sasa ya kulizuru kaburi la mama. Mimi sitaki vitu viwili kwa ulafi. Huku nilizaliwa, kule nimezaa. Huku kuna watu arobaini na mmoja wameandikishwa kupasuliwa, na mikono inayojua kazi ni hii. Nipe cheti, kesho naanza. Usiponipa, leo jioni napanda ndege, na mimi na Vumbwe ndiyo basi."

Nikasema ana haki. Nikachukua kalamu.

Kiangi akakohoa kwenye simu. Akasema kwamba wenzake walikula kiapo mwaka wa kwanza, wakapata vyeo, na walipofiwa walikuja wakazika wakarudi. Yeye mama yake tulimzika sisi, kwa kuwa angetoka asingeruhusiwa kuingia tena. Sasa wamempa mpaka mwisho wa mwezi: ale kiapo apewe cheti chake cha ufundi, au afukuzwe nchini.

"Mzee Mrutu, miaka ishirini nimeipigia deki nchi ya watu ili nibaki wa kwenu," akasema. "Mkinipa hicho cheti cha uraia, nakula kiapo, nachukua cha ufundi, nakuja kuziwasha mashine zenu. Nikila kiapo bila hicho chenu, mmenifuta. Nikikataa, nakuja mikono mitupu, na nani atamwachia mfagizi afungue mashine za hospitali saba za wilaya yetu? Wenzangu waliwaacha mkawapenda. Mimi sikuwaacha. Naomba na mimi nipendwe kidogo."

Nikasema naye ana haki. Kalamu nikaiweka chini.

Ikafika zamu ya Mbonea. Ni mtu wa kazi, maneno si fani yake. Akatoa barua mfukoni. Chuo kile kile alichosoma Naetwe kilikuwa kimemkubali, miaka minne, kwa sharti lile lile la kiapo. Nikashtuka, nikamwambia, mwanangu, cheti hiki ni cha kuwarudisha walioondoka, wewe hujaondoka.

"Ndiyo maana nakiomba, Baba," akasema. "Wote mnaotaka kuwarudisha mliwaacha waende bila kamba. Mimi nifungeni kamba kabla sijaenda. Miaka kumi na tisa nimewatibu kwa kile ninachokijua, na ninachokijua kimekwisha. Mkinipa, baada ya miaka minne nitarudi, kwa sababu nitakuwa bado wa hapa. Msiponipa nitakwenda hivyo hivyo, maana kazi mmeshaninyang'anya. Nitakula kiapo chao, na mwaka wa tano mtaitisha kikao kunitafuta."

Naetwe alikuwa analia bila sauti, na nadhani hakuwa anajililia yeye peke yake. Kiangi akasema kutoka kwenye simu kwamba Mbonea amesema kweli, kisha akasema hata hivyo yeye harudishi ombi lake nyuma.

Nikaanza kupima. Nikimpa Naetwe, watu arobaini na mmoja wataona mwezi huu, lakini mashine ikizima tena hakuna wa kumpigia, na Mbonea wa kushika koleo atakuwa ameondoka. Nikimpa Kiangi, mashine zote zitawaka na hakuna daktari wa kuziinamia. Nikimpa Mbonea, miaka minne hakuna mashine wala daktari wala tabibu, ila ahadi ya mtu ambaye hajawahi kutudanganya isipokuwa daftarini, kwa ajili ya mwenzake. Nilipokuwa kipofu nusu nilijua kila jibu na nilipigiwa makofi. Sasa naisoma fomu ile mpaka maandishi madogo ya chini, na sijui niandike nini.

Karani akaangalia saa, akasema zimebaki dakika tano.

Haya, jamaa zangu mlioketi, msinitazame mimi, mimi nimeshaharibu vya kutosha. Mmoja alilifungua jicho na akaacha kwao ili ajue kulifungua. Mmoja aliiwasha mashine na akakataa kuacha kwao hata kwa mkate. Mmoja alichomoa nyuzi, hajaondoka, na anaomba apendwe kabla ya kuondoka. Cheti ni kimoja, kalamu ni hii, na dakika ni tano.

Je, nani alistahili?