Mnara Uliojengwa Mbichi

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni motoni, na wewe unayetafuna mhogo, tafuna polepole. Hadithi ya leo haichekeshi.

Hapo zamani za kale, katika mji wa mawe na chokaa, aliishi mwashi hodari, Fundi Vuai, pamoja na mkewe, Bi Time. Mungu aliwajaalia mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mashavu. Vuai alimpenda binti yule kama mboni ya jicho lake.

Mafundi wa mji ule walikuwa na mila mbili. Ghorofa ikiisha, huachwa mwaka mzima ikauke ndipo ipandishwe nyingine. Na wa kwanza kulala ndani ya jengo jipya ni mtoto wa fundi, ili watu wawe na imani nalo.

Siku moja mfalme akasikia kwamba mji wa ng'ambo umejenga mnara wa ghorofa mbili. Wivu ukamkaba, akamwita Vuai.

"Nataka mnara wa ghorofa tatu kabla ya masika. Ukiweza, utakaa nami barazani."

Weee! Baraza ile hajapata kukaa fundi hata mmoja. Mafundi husimama uani, juani, mpaka waitwe. Vuai akakubali kabla hajameza mate.

Ghorofa ya kwanza ikaisha, Mashavu akahamia na mkeka wake. Mjusi akashuka ukutani.

"Fundi, fundi, ukuta ungali unalia."

"Nyamaza, mjusi. Mfalme ana haraka."

Mfalme akamuuliza, "Fundi, ukuta umekauka?"

"Umekauka, Bwana."

Vuai akakaribishwa barazani, akakaa karibu na mlango.

Ghorofa ya pili ikaisha. Mjusi akashuka tena, tumbo limelowa.

"Fundi, fundi, ukuta ungali unalia."

"Nyamaza, mjusi. Mfalme ana haraka."

Mfalme akauliza tena, "Fundi, ukuta umekauka?"

"Umekauka, Bwana."

Akasogezwa, akakaa katikati ya baraza. Waliokuwa wakimwita "wewe" sasa walimwita "bwana fundi". Na nyie msijifanye watakatifu hapo. Heshima ni tamu kwa kila mtu.

Ghorofa ya tatu ikaisha. Mjusi akashuka mara ya tatu.

"Fundi, fundi, ukuta ungali unalia."

Safari hii Vuai alisogea mwenyewe. Aliweka kiganja ukutani, kikatoka kimelowa maji. Alitaka kumtoa binti yake, lakini akimtoa, mji mzima utajua kuwa ukuta ni mbichi.

Mashavu akamwambia, "Baba, mkeka wangu unalowa."

"Umande tu, mwanangu."

"Kweli ukuta umekauka?"

"Umekauka."

"Haya, baba. Ukisema wewe, mimi nimeridhika." Akambusu mkono, akarudi ndani kusuka ukili wake wa mkeka.

Vuai akaenda barazani. Akakalishwa ubavuni kwa mfalme, akapewa kahawa. Kikombe hakijafika mdomoni, wakasikia kishindo, puu! Walipotoka nje, mnara ulikuwa chini wote, na vumbi limejaa mtaani.

Vuai alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Watu wakaja, wengine wakalia, wengine wakamlaani mfalme kimoyomoyo. Mfalme mwenyewe alisimama mbali, akiuliza kama mawe yale yanafaa kujengea tena. Hivyo ndivyo walivyo wafalme, msinishangae mimi.

Bi Time alifika mbio, kichwa wazi. Hakumtazama mfalme. Alimtazama mumewe.

"Vuai, ulijua?"

Vuai akazidi kufukua.

"Nakuuliza wewe, baba Mashavu. Ulijua?"

"Mfalme alikuwa..."

"Sikumtaja mfalme. Ulijua?"

"Nilijua," akasema Vuai.

Bi Time hakupiga yowe. Alipiga magoti kando yake, akainua jiwe, akalitupa, akainua jingine. Wakafukua pamoja mpaka wakamfikia mtoto wao, wakamzika pamoja. Kisha wakarudi nyumbani, wakaishi chini ya paa moja miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote mwanamke yule hakumsemesha mumewe hata neno moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, na msiniombe niwatengenezee mwisho mwingine, sinao.