Siri Tatu za Sange

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na gulio?"
"Na wenye kiu!"
"Wakanywa nini?"
"Tuambie wewe, sisi tumekuja na vibuyu vitupu!"

Basi, palikuwa na Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na sauti nyembamba: ti-ti-ti. Aliuza togwa ya mtama kwenye gulio la mtoni, juu ya jiwe alilolichagua marehemu mkewe. Kila kibuyu alikifunga kwa ukindu mwekundu, fundo moja, kama mkewe alivyokuwa akifunga. Hakubadilisha.

Jirani yake alikuwa Kiboko. Naye aliuza togwa, ila aliinywa nusu, akajazia maji ya mto. Sauti yake ilikuwa huo-ho-hooo! Gulio moja alinguruma, "Togwa yangu nyingi!" Gulio lililofuata, "Togwa yangu nzito!" Gulio la tatu, "Togwa yangu inaotesha nywele!" Wanyama wakamtazama utosini, wakapita.

Kiboko akalitamani jiwe. Akamwambia Mama Kanga, msimamizi wa gulio, "Gulio lijalo, atakayebakiwa na togwa jua likifika utosini, ahame!" Akapiga mguu chini, pu! Sange akakubali. Angefanyaje?

Siku ilipofika, alfajiri, Sange akamwendea.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, kijipua. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukuomba. Wewe una sauti, mimi sina. Tafadhali, usiwaambie watu kwamba togwa yangu ni ile ya ukindu mwekundu."

"Ehee?"

"Wala usiwaambie kwamba mtama wangu nauotesha siku tatu, na sitii maji."

"Ehee!"

"Wala kwamba nauzia pale jiweni, na huisha mapema. Wakiyajua hayo, nimekwisha."

"Pole sana, mdogo wangu," Kiboko akasema, meno yote nje.

Gulio likafunguliwa. Huo-ho-hooo! "Msinunue togwa ya ukindu mwekundu! Mtama wake umeoteshwa siku tatu! Haina maji! Iko jiweni! Inaisha mapema!"

Twiga akasikia, akaja. Pundamilia akasikia, akaja. Ngiri akaja na wanawe saba.

"Iko wapi hiyo?" akauliza Pundamilia.

"Kule jiweni, msiende!"

Wakaenda. Kiboko akadhani hawakumsikia vizuri, akarudia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema maneno yaleyale asubuhi nzima.

Alipogeuka, jiweni hapakuwa na hata tone. Haraka haraka akafunga vibuyu vyake kwa ukindu mwekundu. Ngiri akaonja.

"Ptu! Hii ina maji."

"Hiyo ni togwa ya Sange!"

"Ya Sange haina maji, Mzee. Umetuambia wewe mwenyewe."

Mama Kanga akatazama juu. "Jua hilo utosini. Mzee, hama."

Kiboko akazama mtoni, chubwi! Mpaka leo hutoa masikio tu. Sange akaosha vibuyu, akaketi juu ya jiwe, upande mmoja, kama alivyozoea.

Mafunzo, hasa kwa wakubwa wa taasisi na makampuni: mawasiliano hayajengi jina. Kiboko aliwasiliana asubuhi nzima, akahama. Sange hakutamka neno gulioni, akabaki. Wafukuzeni maofisa mawasiliano wenu leo hii. Mkikosa wa kuwasemea, Kiboko bado anatafuta kazi.

Ngano imekwisha, chungu kimekauka. Mkiionja tamu, ni yangu. Mkiionja ina maji, tazameni vizuri fundo lake.