Fisi Apima Tabia za Wanyama

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa simu kila kwato, na maswali kila simu!

Haya, mwenye simu aiweke chini. Mimi sisimulii visogo.

Hapo kale, tena si kale sana, Fisi alijitangaza mtandaoni: "Mimi ni mtafiti. Jibu maswali yangu nikwambie tabia yako. Bure kabisa!"

Kwale akajibu. Unalala sana? Ndiyo. Unakaa peke yako? Ndiyo. Unakaa wapi? Kichakani, karibu na kisima. Ting! "Hongera, wewe ni mtu wa watu." Kesho yake, Kwale hayupo.

Kanga akajibu. Ting! "Hongera, una roho safi." Kesho yake, Kanga hayupo. Manyoya tu! Mimi nikifika hapa hasira hunipanda.

Asubuhi moja Digidigi, mwenye kitoto cha juzi, akamwendea jirani yake Pimbi mbio. "Shoga, nimepimwa! Eti mimi ni mpole."

"Umemwambia unakolala?"

"Si ameuliza?"

"Alaa! Na mtoto je?"

Digidigi akaangua kilio.

"Usinililie," Pimbi akasema. "Mtoto huyo haliwi, nami nipo."

Akatoa simu yake. Bonyeza, bonyeza! Unalala sana? Fofofo. Wewe ni mnene? Nimenona. Unakaa peke yako? Peke yangu. Unakaa wapi? Shimoni, chini ya mgunga mkubwa. Ukiamshwa ghafla unafanyaje? Hapo Pimbi akaandika kirefu. Ting, akatuma.

Fisi alikuwa ameshashika njia ya kwa Digidigi. Akasoma. "Amenona! Huyu kwanza, yule baadaye." Mlafi hasomi mpaka mwisho. Akageuka, mate cho-cho-cho, mpaka mgungani, akatumbukiza kichwa shimoni.

Mle alilala Nyegere.

Kukuru kakara! Ngwii! Ngwii! Fisi akachomoka na sikio moja, akakimbia nchi nzima akiandika: "Pimbi, umenidanganya!"

"Sijadanganya. Nilikueleza tabia ya Nyegere, neno kwa neno. Soma jibu la mwisho."

Fisi akasoma: "Nikiamshwa, namng'ata aliyeniamsha. Naanza na sikio."

Siku hiyo Digidigi alimnyonyesha mwanawe mchana kweupe, bila kugeuka nyuma.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie kiti changu. Fundisho lake? Wanangu, mkiulizwa maswali mtandaoni, jibuni kweli tupu. Kweli haijamdhuru mtu.

Haya, wewe uliyekaa nyuma pale, mnono mnono: hebu niambie, kwa sauti maana nimebaki na sikio moja, unalala wapi?