Ukichukia Nguzo

"Ukichukia nguzo, tazama dari." Mmeusikia msemo huu, wajukuu zangu, mkauliza ulitoka wapi. Ulitoka nyumbani kwa Kiangi, huko milimani Upare, alipokuwa akijiandaa kumwoza mdogo wake.

Katikati ya nyumba ya Kiangi palisimama nguzo nene, na juu yake dari lililosheheni mahindi ya mavuno mapya. Kiangi aliiona nguzo ile kero tupu. Wageni wangecheza wapi?

"Nitaikata," alimwambia mkewe, Nakijwa.

"Baba Mbonea, hiyo ndiyo iliyobeba dari."

"Dari limeshikwa na kuta, Mama Mbonea. Gogo hili linaziba njia tu."

Nakijwa alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mumewe akamwona mkaidi, akangoja aende kisimani, kisha akatwaa shoka.

Nakijwa aliusikia mlio wa shoka akiwa njiani. Akautua mtungi, akatimua mbio. Alipoingia, nguzo ilikuwa inaanguka. Boriti ikalia, ikapinda, mahindi yakaanza kumwagika. Na pale chini, kando ya mafiga, alikuwa amelala mama yake Kiangi, mgonjwa asiyeweza kuinuka.

Kiangi alipigwa na bumbuazi. Nakijwa akaburuta kinu, akakipindua chini ya boriti, akausimamisha mchi juu yake na kuukumbatia usiteleze.

"Mtoe mama!" alipaza sauti.

"Na wewe je?"

"Mtoe mama, nimesema!"

Kiangi akambeba mamaye mgongoni, akatoka naye. Aliporudi na majirani wenye magogo ya kuegemeza dari, mkewe alikuwa palepale, vumbi limemjaa machoni, lakini mchi haujasogea hata kidogo. Hakuachia mpaka gogo la mwisho lilipokazwa.

Siku ya arusi watu walicheza uani. Baba mdogo wa Kiangi, ambaye hakuwa na habari ya yaliyotokea, alimsikia Nakijwa akimkatalia mumewe jambo fulani mbele ya wageni. Akamvuta Kiangi kando.

"Mwanangu, mwanamke huyu anakupinga kila neno. Unamweka wa nini?"

Kiangi akamwongoza hadi ndani, akamwonyesha boriti iliyopinda, akamsimulia yote yaliyotokea.

"Baba mdogo," akasema, "ukichukia nguzo, tazama dari."